Mafuta ya Upako kwenye Tangi la Zadock

Mimi si mtu wa kusifu wapangaji. Nimekaa nao hapa Kinoo miaka kumi na tisa, na ninajua nani hufunga mlango kwa teke na nani humwaga maji ya sabuni kwenye sukuma wiki zangu. Lakini Zadock wa nyumba nambari sita nitamsifu, hata kama sifa hizo zitanivua nguo mimi mwenyewe.

Zadock ni fundi wa mabomba. Asubuhi hushuka Westlands kuingia chini ya masinki ya watu wa ofisi, na jioni hurudi buti mkononi ili asichafue veranda. Mke na watoto wako Vihiga. Sebuleni kwake hakuna televisheni. Kuna tangi la kioo lenye urefu wa meza, limejaa maji ya chumvi, na humo ndani hakuna samaki hata mmoja. Kuna mawe tu, na juu ya jiwe moja amekaa sifongo wa rangi ya chungwa, mnene kama viazi vitamu viwili vilivyoshikana.

Sifongo ni mnyama, tuelewane. Mkahawa mmoja wa Westlands ulipovunja tangi lake la samaki, Zadock aliitwa kufungua mabomba. Mawe yalikuwa yakitupwa. Kwenye moja akaona doa la chungwa, dogo kuliko punje ya hindi, akaliomba. Mtunzaji wa lile tangi akamwonya: mnyama huyu hatakiwi kugusa hewa hata kidogo, maana hewa ikiingia kwenye matundu yake haitoki, na mwili hufa. Basi Zadock akalibeba jiwe ndani ya ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni, kutoka Westlands hadi hapa, akilowa suruali nzima. Hiyo ni miaka minne iliyopita.

"Si ungefuga kuku?" nilimuuliza siku moja.

"Mama Kibe, kazi yangu ni mabomba," akasema. "Na hii kitu ni mabomba tupu. Inavuta maji na hizi shimo ndogo, inakula, inatoa na hiyo kubwa ya juu. Haijawahi ziba. Mimi nikiiangalia naskia aibu."

Alimweka upande wenye kivuli ili mwani usimfunike. Alipima chumvi ya maji kila asubuhi kabla hajaonja chai. Chakula chake kilikuwa maji ya kijani, yenye mwani mdogo usioonekana kwa macho, aliyoyakuza mwenyewe kwenye chupa dirishani, na alimlisha kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Nimelea watoto watano na sikuwahi kuwa na subira hiyo.

Sasa dhambi yangu. Hapa plotini tuna maombi ya nyumba kwa nyumba, Jumapili baada ya kanisa. Zamu ya Zadock ilifika Oktoba. Yeye ni wa kanisa la Marafiki, watu wa kusali kimyakimya, lakini alitukaribisha kwa moyo mweupe na akaingia jikoni kupika chai ya watu kumi na wawili. Shiko wa nambari mbili akalitazama tangi, akaninong'oneza, "Mama Kibe, vitu vya bahari huwa na wenyewe."

Nami nilikuwa na chupa yangu ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa kufukuza mapepo. Kawaida tunapaka kwenye miimo ya mlango na madirisha, basi. Siku hiyo nikajiona shujaa wa imani. Nikamimina vifuniko vitatu ndani ya tangi.

Zadock alitoka na chupa ya chai, akaona maji yanang'aa. Hakupiga kelele. Alitua chai, akazima pampu ukutani.

"Mama Kibe, umeweka nini?"

"Mafuta. Ni ya kuombewa."

"Sawa," akasema. Akakunja mikono ya shati. "Nisaidie tishu. Mingi."

Akanieleza huku akilaza tishu juu ya maji na kuziinua, moja baada ya nyingine. Pampu ikiendelea itachanganya mafuta na maji, na sifongo atayanywa yote. Pampu ikizimwa, maji yatasimama na atakosa pumzi. Ilibidi maji yakorogwe chini polepole, kwa mkono wa mtu. Nikakimbilia kwangu kuchukua mwiko mpya ambao haujawahi kuonja mafuta, nikakoroga kama uji wa mtoto. Wengine waliaga mmoja mmoja. Shiko akakumbuka ana sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, jikoni. Nilikoroga tangu saa nane hadi saa kumi na mbili, mafuta yalipoisha na pampu ikawashwa, na nililia, sitadanganya.

Jumatatu ubavu mmoja wa sifongo ulikuwa mweupe. Zadock hakwenda kazini. Aliukata kwa wembe mlemle ndani ya maji ili uozo usienee, kisha akaanza kubadilisha maji, ndoo moja asubuhi na moja jioni. Hakuniambia neno baya hata moja. Afadhali angenitukana.

Alhamisi akaniita. Akanyunyiza maji ya kijani karibu na yale matundu madogo. "Ikitokea hapo juu, iko hai," akasema. Tukasubiri. Nilikuwa nimeshika kitambaa changu cha kichwa kwa mikono miwili. Halafu pale kwenye tundu kubwa ukapanda ukijani hafifu, kama mvuke wa sufuria. Nilipiga vigelegele hadi Shiko akatoka nje.

Desemba Zadock alienda Vihiga wiki mbili. Aliandika maagizo kwenye karatasi: chumvi, kivuli, matone mangapi. Plotini tuko nyumba nane, na ukimtoa yeye mwenyewe, sita kati yetu hawajawahi kumwaga chochote kwenye tangi lake. Ufunguo aliniachia mimi.