Kakamega Mara Nne

Dada yangu alipojifungua huko Toronto, mama alitamani sana kumwona mjukuu, ila alikuwa na sharti. Safari ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri ilikuwa ya basi, kutoka Nakuru hadi kwao Kakamega, masaa matano, na hata hiyo ilimwacha akichechemea.

“Ikizidi Kakamega mara nne, siendi,” aliniambia sebuleni kwetu Kiamunyi, hapo Nakuru.

Mara nne ni masaa ishirini. Safari yenyewe, pamoja na kungoja ndege ya pili pale Dubai, ilikuwa ishirini na manne. Nikaitazama tiketi, shetani akaninong'oneza.

“Mama, ndege inatoka Nairobi saa kumi na nusu jioni. Unatua Toronto saa tatu na nusu asubuhi. Piga hesabu mwenyewe.”

Sikumwambia kwamba hiyo saa tatu na nusu ni ya kule, na kwamba saa zao ziko nyuma ya zetu kwa masaa saba.

Mama alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu. Alichukua bahasha, akatoa, akapata kumi na saba, akajiwekea tiki.

“Hiyo naweza,” akasema.

Siku aliyofika, alinipigia simu hata kabla ya kumbeba mtoto.

“Wewe! Tumetoka Dubai, skrini ya kiti ikaniandikia bado kilomita elfu kumi na moja, masaa kumi na manne. Nikadhani imeharibika. Nikamwita yule msichana wa ndege, nikamwambia airekebishe.”

“Akasemaje?”

“Akaniletea blanketi.”

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alisema tu, “Haya,” kwa ile sauti ya mwalimu anayefunga daftari lako.

Tiketi ya kurudi alinunua dada. Baada ya miezi mitatu mama akanitumia ujumbe: “Natua Jumamosi saa mbili asubuhi. Usichelewe.” Nilitoka Nakuru alfajiri, saa mbili nikawa mlangoni pa abiria wanaowasili. Saa nne, hayuko. Simu yake imezimwa. Nikampigia dada, akanijibu kwa upole wa kutiliwa shaka: “Ngoja tu.” Kufika saa saba askari alikuwa amenizoea.

“Boss, bado uko?”

Saa tisa na nusu mama akatokea akisukuma mkokoteni, amevaa kofia ya sufu.

“Mama, ulisema saa mbili!”

“Na nimetua saa mbili,” akanionyesha saa yake ya mkononi, ambayo hakuwa ameirudisha kwenye saa za kwetu. “Ya Toronto.”

Nilimkumbatia, nina njaa, nina hasira, na kicheko kinanishinda. Garini alinieleza habari za mtoto hadi tukapita Naivasha: anavyonyonya kidole, anavyomkasirikia mtu anayemwimbia. Kisha akawa anayatazama mashamba.

“Nikienda tena,” akasema, “nikatie kiti cha dirishani.”