Daktari Mwenye Msumeno

Kitabu chenyewe kilikuwa cha kejeli, cha Wazungu wa karne nyingi zilizopita, tafsiri niliyoazimwa na mwalimu mmoja pale Mzumbe. Ndani yake tajiri anaumwa jino, na madaktari wenye majoho wanagombana nani amkate nini, mpaka hakibaki cha kukata. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kazi yangu ni kuchora, basi nikaanza kukichorea picha kwa wino kwenye daftari. Niliyemjivunia kuliko wote alikuwa daktari mwenye msumeno: nilimpa kitambi, meno mengi, na macho yanayoangalia saa huku mkono unakata.

Daftari hilo nilikwenda nalo wodini, mjini Morogoro, baba alipolazwa kwa kisukari. Kidonda cha mguu kilikuwa kimeoza. Daktari, binti mpole, alimwamkia, akavuta kiti, akamweleza bila kumficha: mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo sumu itapanda na atakufa. Baba alikubali. Alisema atasaini kesho, akishaswali. Nikatoka kumtafutia uji, daftari nikaliacha kitandani.

Niliporudi alikuwa amelifungua kwenye msumeno.

"Kumbe ndivyo wanavyofanya," akasema.

Nikamweleza kwamba ni hadithi tu, na aliyeiandika alishakufa zamani. Akaniuliza kama huyo wa zamani alisema uongo. Nikababaika, maana kila aliyekuja nyumbani nilikuwa nikimwambia kitabu kile kinasema kweli kuliko magazeti. Nilijichukia.

Kesho yake hakusaini. Mtani wake, jirani yake wa shamba la ndizi, alishuka kutoka Kinole, kwetu milimani, kuja kumwona. "Lete huo mguu tuuzike," akamwambia, "tule ubwabwa wa msiba, kisha wewe uendelee kutusumbua." Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akageukia ukutani.

Sikuwa na ujanja mwingine. Niliichana ile picha mbele yake, nikakaa kando ya kitanda, nikachora nyingine: yule binti daktari kwenye kiti chake, na baba amesimama na magongo kati ya migomba yake, anamfokea mtu. Ilitoka vizuri. Mimi najua picha yangu ikitoka vizuri.

Baba aliishika muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu.

"Nzuri," akasema. "Lakini hii umenichorea mimi, mwanangu. Ile uliichora hujui kama nitaiona."

Fomu ilikuwa pale mezani chini ya kikombe cha uji, imelowa pembeni. Yule binti alikuja tena jioni, na asubuhi, na jioni nyingine. Kila mara baba alimshukuru sana.

Siku tuliyomzika, kabla ya kupanda naye milimani, muuguzi alinikabidhi mfuko wa vitu vyake. Mlikuwa na kanzu, tasbihi na kandambili, zote mbili.