Pombe ya Kijiko

Nilikunywa, ndiyo. Nilikunywa kwa kijiko, mchana kweupe, na aliyenimiminia ni yule yule aliyekuja kunishitaki. Wanaosimulia habari hii hupenda kuanzia pale nilipotapikia mashuka. Mimi naanzia kwenye sindano.

Nafua mashuka ya nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinane. Shule sikuiona. Herufi nimezijulia kwenye mashuka hayo hayo, maana kila moja limeshonwa jina la chumba chake pembeni, nami nikaziunga moja moja mpaka zikaanza kusema. Mume wangu aliondoka na cherehani yangu, akaniachia mdogo wake, ambaye ndiye msimamizi wa pale kazini. Tunamwita Bwana Funguo, kwa sababu ya rundo la funguo analoning'iniza kiunoni. Unamsikia kabla hujamwona. Baada ya cherehani kuondoka nilikunywa pombe miaka mitatu. Sifichi. Kisha nikaacha, na huu ni mwaka wa sita. Lakini kwa ukoo wa mume wangu miaka hiyo sita si kitu. Kwao mimi ni mlevi aliyepumzika.

Jumatatu hiyo mgeni alisahau sindano kwenye shuka, ikanizama dole gumba la kulia. Nikaichomoa, nikaendelea kufua. Kufika Jumatano dole limevimba, linadunda kana kwamba lina moyo wake. Kwenye kituo cha afya muuguzi alilipasua, akatoa usaha, akalifunga bendeji kubwa na kunipa vidonge vya aina mbili, vya siku saba.

“Hivi vya duara, mama, havipatani na pombe,” akasema. “Ukichanganya, uso unaweza kukuwaka, moyo ukaenda mbio, ukatapika. Usiguse mpaka umalize, na uongeze siku tatu mbele.”

“Miaka sita sijagusa, mwanangu.”

“Basi hizo siku chache hazitakushinda.”

Nikarudi kufua kwa mkono mmoja na nusu, dole nimelivalisha mfuko wa nailoni. Asubuhi ya Jumamosi kikohozi kikanibana. Wageni wakalalamika kwamba hawapati usingizi wa asubuhi. Bwana Funguo akaja na chupa ya kahawia aliyoitoa kwenye droo ya meza yake. Chupa ya aina hiyo haikosekani humo mwaka mzima, maana naye anasema ana kifua, ila yeye hatumii kijiko.

“Shemeji, unatufukuzia wageni. Fungua mdomo.” Akanimiminia mwenyewe. “Kaa nayo yote, mimi ninayo nyingine.”

Nikamwambia asante. Ilikuwa asante yangu ya kwanza kwake tangu cherehani iondoke.

Dawa ilikuwa tamu, ikachoma koo vizuri. Mchana, kikohozi kilipokataa kusikia, nikameza vijiko vinne kwa mpigo pamoja na vidonge vyangu. Haikupita muda, uso ukaanza kuwaka kama nimeinamia jiko. Moyo ukanienda mbio. Nilikuwa nimebeba mashuka yaliyotoka kupigwa pasi, nikayatapikia yote.

Mama Pasi, anayepiga pasi chumba cha pili, akanishika mabega. Funguo zikalia koridoni. Bwana Funguo akainama, akaninusa mdomo.

“Ananuka pombe! Niliwaambia nini mimi?”

“Shemeji, sijanywa.”

“Yaani hata na dawa za hospitali umeshindwa kujizuia?”

“Pua yako leo imewahi kuamka, Bwana Funguo,” Mama Pasi akamjibu. “Na harufu hiyo umeijulia wapi?”

Akamwambia arudi kwenye pasi yake. Mimi akaniambia niende nyumbani, nije keshokutwa saa nne, mwenye nyumba ya wageni atakuwepo, tumalizane.

Jumapili nilivishika vile vidonge juu ya tundu la choo. Nikasema, kama vinaniangusha na kunitia aibu, vya nini? Kilichonizuia ni dole tu. Lilikuwa limeanza kupoa. Jumatatu saa mbili nikawa kwa muuguzi kubadilisha bendeji. Nikamweleza yote huku nimekaza shingo, nikijua na yeye ataniita mlevi.

Hakuniita. Aliuliza, “Zaidi ya vidonge, umekunywa nini kingine?”

Nikaitoa chupa kwenye mfuko. Akaigeuza, akaisogeza dirishani, akasoma maandishi madogo kama mchanga. Kisha akacheka, akaomba radhi kwa kucheka.

“Mama, umekunywa pombe. Hii dawa ya kifua ina alkoholi ndani yake, na si kidogo. Mimi ndiye niliyekosea, nilisema pombe tu, sikukuuliza una dawa gani nyingine nyumbani. Hii weka kando. Vidonge usiache hata kimoja, ukikatisha dozi usaha utarudi.”

“Nichoree neno lenyewe lilipo.”

Akalipigia mstari kwa kalamu. Njiani nililisoma mpaka likakaa kichwani.

Saa nne ofisini palikuwa na karatasi mezani, na kando yake kibati cha wino. Mwenye nyumba, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alikuwa amekaa. Bwana Funguo alisimama.

“Weka dole gumba hapa, shemeji. Ni utaratibu tu.”

“Lipi? La kulia limefungwa. La kushoto ni zima, ila halitaki.”

“Hujui hata kilichoandikwa.”

Nikaivuta karatasi. Nilisoma polepole, nikiunga herufi, nao wakasubiri. Nakiri kuwa nilikunywa pombe kazini. Naacha kazi kwa hiari yangu.

Nikaiweka chupa juu ya karatasi, neno lenye mstari likimtazama mwenye nyumba. Nikamweleza maneno ya muuguzi.

“Chupa hii ya nani?” akauliza.

“Ya kwenye droo yake. Mimi nimekunywa siku moja, kwa kijiko. Yeye anakunywa mwaka mzima bila kijiko. Kama ni kukiri, tukiri wote, lakini aanze shemeji. Madole yake yote ni mazima.”

“Mama, hii ni dawa,” Bwana Funguo akasema.

“Juzi ilikuwa pombe,” nikamwambia.

Mwenye nyumba akavuta droo mwenyewe. Zilikuwemo mbili, moja nusu. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba wake, akasema, “Nenda kafue.”

Hakuna aliyeniomba radhi, na sikukaa kuisubiri. Vidonge nilivimaliza mpaka cha mwisho, dole likapona na kovu lake. Chupa nimeipanga dirishani, juu ya karo langu la kufulia, mahali anapopita kila asubuhi. Droo sasa haina kitu. Shemeji anakohoa kikavu kutwa nzima, namsikia toka huku kwenye maji, na pole simpi.