Gari la Baba na Magari ya Wajerumani

Siku hiyo nilikuwa nagundisha maboksi kwenye meza ya chakula, nyumbani kwetu Khartoum. Baba alikuwa na kazi huko, na skuli walitupa mradi wa historia: Wajerumani waliohamia Marekani wakati bado koloni la Waingereza. Nilikuwa naunda gari lao la farasi, lile kubwa la turubai, sakafu imebonyea katikati ili mzigo usiteleze mlimani.

Bibi, mama yake Baba, alipita akacheka. "Wajerumani nnawajua mie, walitawala bara kwa mijeledi. Leo mjukuu wangu unawaundia gari?"

"Si hao, Bibi. Hawa wakulima. Wengine dini yao hairuhusu hata kushika bunduki."

"Aa! Basi hao Wajerumani kweli?"

Asubuhi yake mizinga ikaanza.

Baba akaamua tuondoke. Akatoa gari nje, akaliacha linanguruma, mimi na Mama ndani. Bibi hayupo! Anapita mlango kwa mlango kuwaomba majirani radhi, maana msafiri haondoki na dhima za watu. Kwetu ndivyo, sikatai. Lakini wallahi, risasi zinalia!

"Mama, twende!" Baba alimwita Bibi kutoka getini.

"Bado Haji Idris. Nilimsema mbuzi wake."

Mbuzi wake!

Wakatokea watu wenye silaha.

Wakatuteremsha. Mmoja, kijana tu, akasema kwa adabu kwamba wanaliazima gari. Baba akawaambia sisi wageni, vita hivi si vyetu.

Wakaondoka nalo.

Bibi akarudi na Haji Idris, ambaye alikuwa anapakia watu wake kwenye pikapu. Nafasi ilibaki ya sisi wanawake watatu, tena kwa kubanana. Baba akasema atafuata.

Hakufuata. Kombora lilipiga nyumba yetu, na majirani waliobaki wakamzika uani.

Sasa tunakaa Ansab, nchi nyingine yenye amani, na wiki hii mwalimu amefundisha somo lile lile. Kitabu kinasema Wajerumani wale walichangia magari na farasi wao katika vita vya uhuru. Walichangia! Wengine walinyang'anywa, hata waliokataa kupigana. Mwalimu akauliza nani ana la kuongeza. Ninalo, lakini mdomo ukanigoma kama kawaida yangu. Akaendelea na majiko yao ya chuma.

Lau Bibi angepanda gari alipoitwa, tungeondoka sote wanne. Au gari lingechukuliwa mbele, jangwani, pasipo Haji Idris wala pikapu. Mama huniambia hivyo kila nikinuna. Pengine ni kweli. Nimechoka kuambiwa.

Mchana Bibi hunipakulia mnofu mkubwa kwenye sinia, ule ambao angepewa Baba. Naula. Siwezi kumwambia nina hasira naye, wala hasira zenyewe haziishi.