Donge Lisilotua

Mama Dungu hakupewa jina hilo na wazazi wake. Lilimganda mashambani, kwa sababu tangu usichana wake hadi nywele zilipogeuka rangi ya majivu alishinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti lililosimama katikati ya mpunga, akifukuza ndege. Msimu wa kwelea ukiingia, wenye mashamba walimgombea waziwazi, hata kununiana.

Chombo chake kilikuwa kombeo: kamba mbili za katani na kifuko cha ngozi katikati. Ndani aliweka donge la udongo alilolifinyanga mwenyewe na kulianika juani. Alizungusha juu ya kichwa, akaachia kamba moja, donge likaenda vuuu, kule mbali likapasuka pwaa, na kundi zima la kwelea likanyanyuka. Msidhani ni mchezo. Jaribuni nyie, muone kama hamjajipiga kisogoni.

Na alikuwa na sharti moja. Hakuweka donge la pili mpaka asikie la kwanza limetua. Ndege wajae vipi, msimamizi apige kelele vipi, yeye kimya, shingo kaipinda upande mmoja, anasikiliza. Chanzo cha sharti hilo ni wifi yake, aliyepalilia jaruba la jirani, mwenye kovu juu ya jicho.

"Huyu mnayemwona," wifi alipenda kuwaambia wapalizi wageni, "alinipasua uso asubuhi, jioni akaja kunipa pole, kaka yangu akamwona. Mara kaolewa kwetu! Mahari ya watu nimelipa mimi, tena kwa damu."

"Ungeinama ulipoambiwa inama, yangekukuta?" Mama Dungu alimjibu kutoka juu, na wote wakacheka.

Lakini akiwa peke yake hakucheka. Siku ile alirusha mawili kwa pupa, na lile la pili alilisikia likitua. Mlio wa udongo juu ya mtu haufanani na mlio mwingine. Hauna ukali. Ni mlio wa mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kuamsha watoto.

Nyumba alikoolewa ilikuwa na mambo yake. Darini uliwekwa upinde wa babu wa mumewe, kamba yake imeliwa na panya. Nyuma ya mlango lilisimama gobore la baba mkwe, limeota kutu. Ukivitazama vitu hivyo unaona kilichobadilika hasa ni umbali. Binadamu alianza kwa kurusha jiwe kwa mkono, akamsikia aliyempiga akilia. Akarudi nyuma kidogo, akasuka kombeo. Akarudi tena, akapinda mti ukawa upinde. Akarudi tena, akashindilia baruti. Kila akirudi nyuma, kilio kinafifia. Watu wanaita hiyo akili. Mimi naona ni kukimbia, ila tu wanakimbia huku wameshika silaha.

Kitindamimba wa Mama Dungu alirudi nyuma kuliko wote. Alikuwa askari, lakini wa kukaa. Alikaa kwenye kiti laini, ndani ya chumba chenye ubaridi, mbele ya kioo. Ndege isiyo na rubani iliruka ng'ambo ya milima, yeye akabonyeza, na kwenye kioo kikatokea kijimoshi cheupe. Sauti haikuwepo kabisa.

Akaja likizo, amekonda, macho yamemzama. Chakula akikigusa anakiacha. Mezani, katikati ya maneno, alipinda shingo upande mmoja, vilevile kama mama yake, na hapo mama yake akaogopa. Adhuhuri moja kijana akamfuata mama yake juu ya dungu.

"Mama, unajuaje kama limetua?"

"Nasikia, baba."

"Na usiposikia?"

"Siweki jingine."

Kijana akatazama mpunga. "Mimi nimeweka mengi sana, mama. Sijasikia hata moja."

"Basi iache kazi hiyo!" Mama Dungu alimshika mkono. "Rudi nyumbani, mwanangu. Kombeo hili hapa, shamba hilo hapo. Tutakula tutakachopata. Nakuomba."

"Kazi ya serikali haiachwi kama sufuria jikoni," alisema, akajaribu kucheka. Kisha akaokota donge alilokuwa amelifinyanga yeye mwenyewe jana yake, lenye alama ya dole gumba lake, akalitia kwenye kombeo na kulirusha juu kwa nguvu zake zote. Vuuu. Wakasikiliza. Hakikusikika kitu. Upepo ulisimama, hata kwelea wakanyamaza.

"Mbona kimya?" wifi aliuliza kutoka chini. "Mmerusha nini, moshi?"

"Litatua," alisema Mama Dungu.

Kijana alikuwa amepauka midomo. "Siku ukilisikia, nipigie simu. Naapa nitaacha kazi nije." Kesho yake alifunga begi, akaondoka.

Basi Mama Dungu akatundika kombeo msumarini. Sharti ni sharti. Kila siku alipanda dunguni, akapinda shingo, akasubiri, huku kwelea wakila mpunga wanavyotaka na wifi akihangaika kugonga debe kuwatisha ndege, kumfichia aibu.

Msimamizi alikuja juujuu. "Mama, nimekuajiri ufukuze ndege au usikilize redio?"

"Liko juu. Halijatua."

"Nini kiko juu?"

"Donge la mwanangu."

Msimamizi alitazama mbinguni, akamtazama yeye, akaenda zake bila kuaga.

"Wifi yangu, limeyeyuka hilo. Twende nyumbani," wifi alimbembeleza.

"Udongo hauyeyuki hewani." Na wifi alipogeuka, Mama Dungu alinong'ona: "Tua. Tua, nimpate mwanangu." Alimtaka mwanawe mno, hata hakujiuliza litamtulia nani. Yeye, wa kusahau hilo!

Likatua mchana kweupe, chini kabisa ya dungu. Pwaa! Aliteremka nusura aanguke. Lilikuwa zima, halikupasuka, alama ya dole gumba iko palepale. Wifi alikuja mbio, akaligusa, akaurudisha mkono upesi. Lilikuwa na joto la mwili.

Mama Dungu akapiga simu. "Limetua, baba."

"Nakuja," kijana akasema.

Na kweli akaja, hana sare, begi begani, akipita juu ya matuta. "Nimeacha, mama." Mama Dungu alimkumbatia akalia kwa furaha, wifi naye akapiga vigelegele.

Pwaa. Nyuma yao, ndani ya mpunga.

"Wifi, acha utani wako," Mama Dungu alisema. Lakini mikono ya wifi ilikuwa mitupu.

Likatua jingine, mbele kidogo. Kisha jingine, na hilo halikuwa na ukali. Ulikuwa mlio wa mlango unaofungwa taratibu. Kijana alikuwa amepinda shingo, machozi yanamtoka.

"Hilo ni langu la kwanza," alisema. "Nalijua."

"Jamani, nani anarusha?" wifi alipiga kelele, kiganja juu ya kovu lake. Hapakuwa na mtu. Kwelea waliendelea kula, hawakushtuka hata kidogo. Yakaendelea kutua, la huku, la kule, lile lenye ukali, lile lisilo na ukali.

Kijana akataka kukimbia. Mama yake akamshika mkono kwa nguvu, akampandisha dunguni, akamketisha ubavuni pake.

"Hukimbii tena," alimwambia. "Sikiliza. Ni yako, na mimi niko hapa. Yakiisha kutua, tutaweka letu."

Mpunga uliobaki walivuna wengine. Kombeo bado linaning'inia msumarini. Mama Dungu hajaweka jingine, kwani bado yanatua.