Mtungi wa Mama Chitanda na Lori Lililochemka

Asubuhi ile siisahau, mwanangu. Waingereza walikuwa bado wanatutawala, nami nilikuwa msichana sijaolewa, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Dada yangu Asumini alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake, pale kwetu Chilangala, na mtoto hatoki. Mkunga akanawa mikono, akasema, "Mpelekeni hospitali ya misheni, Masasi. Mimi nimefika mwisho." Usiombe kulisikia neno hilo kwa mkunga.

Lori lililokuwapo kijijini lilikuwa la mnunuzi wa korosho, na dereva wake, Mzee Lipande, alikuwa mtu mpole hadi anaudhi. Tukamlaza Asumini juu ya magunia matupu. Ukungu ulikuwa umeifunika mikorosho na baridi inauma. Mzee Lipande akazungusha hendeli ya kuwashia, injini ikakohoa, ikawaka. Kisha akasimama tu pale mbele, akiisikiliza.

"Baba, twende!" nikapiga kelele.

"Bado ya baridi, binti. Oili ni nzito, haijapanda. Nikiikurupusha itajisaga yenyewe. Na humo ndani mna kilango kidogo, kinayazuia maji yasiende kupoa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Ngoja kidogo."

Nikangoja huku namlaani kimoyomoyo. Hata tulipoondoka alikwenda polepole, na mimi kila Asumini akilia nagonga bodi kwa ngumi. Niliogopa sana, mwanangu. Nilimwona dada yangu ameshakufa, nikawa tayari nafikiri nitamwambiaje mama.

Tukafika kwenye mchanga mzito. Lori likawa linavuta kwa gia ya kwanza, kelele nyingi na mwendo hakuna, mpaka mvuke ukafumka mbele. Mzee Lipande akazima. Maji ya rejeta yalikuwa yamekwisha kwa kuchemka, na debe la akiba lilikuwa limevuja njiani.

Wewe umekulia penye bomba, hujui. Siku zile huku juu ya mlima kwetu hapakuwa na maji. Mwanamke aliondoka kabla ya jua, akateremka hadi bondeni, akaupanda tena ule mlima na mtungi kichwani, mchana ndipo anafika. Mgeni aliweza kuomba ugali nyumba yoyote, lakini maji alisubiri apewe. Mimi sikusubiri. Kando ya barabara palikuwa na nyumba, na mama mtu mzima anafagia uwanja.

"Shikamoo, mama. Dada yangu yumo garini, amezidiwa na uchungu. Naomba maji ya injini."

"Marahaba." Akautazama mtungi wake, mmoja tu, umejaa. Akaniinulia.

Nikakimbilia kwenye rejeta. Mzee Lipande akanidaka mkono. "Ukifungua sasa utaungua uso. Na ukimwagia maji ya baridi chuma kilichochemka hivi, kitapasuka. Hapo Masasi tutaisikia tu."

Fikiria! Maji ninayo mkononi, dada analia, na mzee ananiambia ningoje. Nikaanza kumtukana. Ndipo yule mama, Mama Chitanda, akanijia juu.

"Wee binti, koma! Maji yangu hayamwagwi kwa hasira. Panda ukamshike mwenzako. Hizo kelele anazisikia yeye, injini haizisikii."

Nikapanda, nimenuna. Nikamshika mkono, nikanyamaza. Na Asumini akaacha kukaza mwili. Tangu alfajiri alikuwa akijikaza kila nilipopayuka, kwa kuwa, aliniambia baadaye, alidhani mimi nikipiga kelele basi anakufa. Nililia pale, lakini kimya kimya.

Injini ilipopoa, Mzee Lipande akafungua kifuniko kwa tambara, akaiwasha, akamimina maji kidogo kidogo. Tukaingia Masasi jua limepanda juu ya vilima. Asumini alijifungua mchana ule ule, yeye mzima na mtoto mzima.

Tuliporudi nilishuka bondeni mwenyewe, nikampelekea Mama Chitanda mtungi uliojaa maji. Akayaonja, akacheka, akasema binti huyu sasa amepoa.

Najua mkeo amekaribia, mwanangu, na tangu jana huketi. Unafungua mlango, unafunga, unampigia kila mtu makelele. Sikwambii usiogope, mtu asiye na moto kabisa naye hafiki popote. Ila siku ikifika, anza taratibu. Ukijiona unachemka, simama kwanza, upoe, ndipo ushike kitu. Na ukiwa karibu naye, kumbuka anakusikia. Mungu amfungue salama, akupe mtoto wa kukuzika, nyumba yako isikaukiwe. Sasa keti, umalize chai yako, kisha urudi kwake pole pole.