Kidole cha Mama

Juzi nilikuwa mahakamani Kisii, kwa karani wa viapo. Siku hizi za Uhuru watu wanapanga foleni hapo kubadili majina. Mbele yangu alisimama mwalimu kijana, tai shingoni, pamoja na mama yake kutoka Sironga. Alitaka kuliacha jina lake, ambalo kwa Ekegusii ni fisi. Wanafunzi wanamcheka.

"Mama, weka kidole hapa kuthibitisha," karani akasema, akimsogezea wino.

Mama akauficha mkono ndani ya leso.

"Kabla yake nilizaa watatu. Niliwapa majina mazuri ya Biblia, nikawazika wote. Huyu nikamwita fisi ili kifo kimdharau, kimpite. Kikampita. Sasa mnataka niape hapa kwamba nilikidanganya?"

"Mama, hayo ni ya zamani," mwanawe akanong'ona.

"Zamani gani? Si uko hai leo?"

Karani akafunika wino, akaniuliza mimi nafuta jina gani. Langu maana yake ni njiani, kwa kuwa nilizaliwa mama akitoka soko la Nyaramba. Nikatia karatasi yangu mfukoni, nikamwambia nimekuja kumsindikiza huyu mama. Wenye kucheka na wacheke.